Caslon: Herufi za Fundi Nakshi wa London

Caslon ni jamii ya herufi za kuchapia vitabu iliyoanza kuchongwa London katika miaka ya 1720. Ni herufi zenye vikia, yaani vile vistari vifupi vinavyomalizia ncha zake. Aliyezichonga ni William Caslon, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1692, ambaye ujanani alisomea kutia nakshi kwenye bunduki, si uchapaji.

Zama hizo wachapaji wa Uingereza walitegemea sana herufi za Uholanzi. Mchapaji William Bowyer alikiona kipaji cha kijana huyo, akashirikiana na wenzake kumkopesha fedha za kuanzisha kiwanda cha herufi. Miongoni mwa kazi zake za mwanzo zilikuwa herufi za Kiarabu alizoagizwa na SPCK, shirika la Kikristo ambalo baadaye lilichapisha vitabu vingi vya Kiswahili.

Kazi yenyewe ilitaka subira kubwa. Fundi alichukua kijiti cha chuma cha pua, akachonga herufi nchani mwake ikiwa kinyume, kwa tupa na vyombo vidogo vyenye makali. Kila mara aliipaka masizi kwenye mwali wa mshumaa, akaigandamiza karatasini ili alitazame umbo lake, kisha akarudi kuichonga. Iliporidhisha, chuma kilikazwa kwa moto, kikagongwa juu ya shaba, kikaacha alama yake. Shaba hiyo ndiyo iliyokuwa kalibu. Humo ilisubiwa risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, na kalibu moja ikatoa herufi maelfu. Kila ukubwa wa maandishi ulidai kuchongwa upya, tangu A hadi Z.

Herufi ya Caslon ikitazamwa peke yake haina la kustaajabisha. A kubwa imebonyea kidogo kileleni, na unene wa herufi haulingani sawasawa. Lakini zikishapangwa, ukurasa mzima hutulia na jicho hupita bila kukwama. Hapo ndipo ulipo ustadi wa mtu huyu, na ndiyo sababu wachapaji walizipenda mara tu alipotoa karatasi yake ya sampuli mwaka 1734. Zilivuka bahari hadi Marekani, na usiku wa tarehe 4 Julai 1776 John Dunlap wa Philadelphia alizitumia kuchapa nakala za kwanza za Tangazo la Uhuru.

Caslon alifariki mwaka 1766, na kiwanda kikabaki mikononi mwa mwanawe. Kufikia mwaka 1800 mitindo ilikuwa imegeuka. Wengi walitaka herufi zenye mistari minene na myembamba iliyoachana mno. Katika miaka ya 1840, kampuni ya uchapaji ya Chiswick Press ya London ilizirudisha vitabuni herufi za Caslon. Mwaka 1990 mbunifu wa herufi Carol Twombly alizichora upya kwa ajili ya kompyuta, akifuata sampuli za zamani za Caslon. Kwa kitabu kirefu cha kusomwa kwa utulivu, hadi leo ni herufi chache zinazozishinda.