Binti Naye Akasomee Bustani
Hotuba ya Kamati ya Elimu siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi



Miaka kumi si mchezo. Tulianza na sanduku, kufuli tatu na vijitabu vya hisa. Hela ya sanduku hilo imetoka kwenye nyanya za Ilula, vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, viazi vya Uyole na maparachichi ya Rungwe. Ajabu ni kwamba binti akitaka kusomea bustani hizohizo, watu wanaguna: "Kilimo? Kwani amefeli?"

Ndugu zetu, tukumbuke kantangaze. Mdudu huyu, ambaye wataalamu humwita Tuta absoluta, aligundulika nchini mwaka 2014. Wakulima wengi walipuliza dawa juu ya dawa. Wapi! Hela ya mkopo iliishia kwenye chupa. Kumbe kiwavi wake hujificha ndani ya jani na ndani ya tunda, na dawa ileile ikirudiwarudiwa huizoea. Tena hula viazi mviringo na bilinganya, maana ni ukoo mmoja na nyanya. Kwa hiyo anayetoa nyanya na kupanda viazi amemwekea kiporo. Mtaalamu hushauri kutega madume kwa mitego yenye harufu ya jike, kuteketeza masalia, kubadilisha aina za dawa, na kupokezana na mahindi au maharage. Mambo haya hayabahatishwi, yanasomewa.

Njia za kusoma zipo. Aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu baiolojia na kemia anaweza kuomba cheti au diploma ya kilimo hapa Uyole, au kwenda Tengeru, Arusha, kunakofundishwa mboga, matunda na maua. Aliyemaliza kidato cha sita kwa masomo ya sayansi aombe shahada ya bustani Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984. Aulizie mapema na Bodi ya Mikopo.

Na kazi je? Kuna ugani, utafiti, ukaguzi wa mimea na viwanda vya kusindika. Ajira ikichelewa, kitalu cha miche ni ofisi pia. Anayejua kubebesha Hass juu ya shina lenye mizizi imara, na anayejua kwamba parachichi likichumwa changa husinyaa badala ya kuiva vizuri, wateja watamfuata.

Ombi letu ni moja. Kabla ya kugawana faida ya mzunguko huu, itengwe ada ya mabinti wawili, mmoja wa Mbeya na mmoja wa Iringa. Tunajua wapo wanaosubiri mgao walipe madeni, wala hatuwabezi. Lakini mabinti hao wamekaa pale nyuma, matokeo yao mkononi, na fomu hazitatungoja. Tukiahirisha, mwakani huenda mmoja yuko kwa mume na mwingine anafanya kazi za ndani mjini. Ada ipelekwe chuoni moja kwa moja, nao kila likizo wapite mashambani mwetu.

Akina mama, sanduku limejazwa na bustani. Sasa na bustani ipate wasomi wake kutoka kwenye sanduku.