Mkono Uliofunzwa Kulenga

Msikilizaji, mtu akikuvamia akiwa hatua tatu mbele yako, hakuachii nafasi ya kufumba jicho moja na kulenga taratibu. Polisi wa Shanghai, China, walilijua hilo karne moja iliyopita, maana majambazi wenye silaha walipambana nao vichochoroni na kwenye ngazi zenye giza.

Mwingereza William Fairbairn alijiunga na kikosi hicho mwaka 1907. Yeye na mwenzake Eric Sykes waliachana na mazoezi ya kusimama wima mbele ya duara la shabaha. Askari wao alikunja magoti kidogo, akaikamata bastola kwa nguvu na kuiinua katikati ya mwili, macho yote mawili yakiwa kwa adui. Walikuwa pia na nyumba ya mazoezi, yenye mwanga hafifu, makelele na sanamu za kuchomoza ghafla. Mwaka 1942 walitoa kitabu, Shooting to Live, na Vita Kuu ya Pili ikaipeleka mbinu hiyo kwa makomando wa Uingereza na majasusi wa Marekani.

Hakuna aliyezaliwa na ustadi huo. Mkono hujiendea wenyewe kwa sababu umerudia tendo hilo mara nyingi mno. Mwenye bastola inayolala kabatini mwaka mzima asiutarajie siku ya hatari. Tena una mpaka wake. Miaka ya 1950 huko California, kwenye mashindano ya bastola yaliyoandaliwa na Jeff Cooper, naibu sherifu Jack Weaver alishika bastola kwa mikono miwili, akatazama vinundu vya kulengea juu ya mtutu, akawashinda waliofyatua kutoka kiunoni. Mimi naona Weaver alikuwa sahihi: umbali ukizidi mita chache, jicho lirudi kwenye bastola.

Kwa hiyo, wewe mwenye kibali, anza na bastola tupu. Risasi zote zikae chumba kingine. Kagua magazini, kagua chemba, kisha kagua tena. Elekeza mtutu kwenye ukuta imara usio na mtu nyuma yake, na kidole kikae nje ya triga mpaka umeamua kufyatua. Inua polepole, kasi itakuja. Risasi za kweli zisubiri uwanja wa shabaha, mwalimu akiwa kando yako.

Na kila unapoinua, jiulize nani yuko nyuma ya unayemlenga. Risasi hupenya ukuta wa mbao, na upande wa pili huenda mtoto amelala.