Duara na Irabu: Herufi Nene za Mviringo katika Maandishi ya Kiswahili

Mhadhara huu unahusu herufi za chapa zilizo nene na za mviringo, ambazo hutumika kwa maneno machache yanayoandikwa kwa ukubwa: majina ya vitabu, mabango na vibao vya maduka. Mfano unaochunguzwa ni alfabeti aliyoibuni Herbert Bayer mwaka 1925 katika shule ya sanaa ya Bauhaus, Ujerumani, pamoja na herufi zilizotokana nayo.

Bayer alitumia duara, tao na mistari michache iliyonyooka, yote kwa unene mmoja. Aidha, aliziacha herufi kubwa, kwa hoja kwamba sauti moja haihitaji alama mbili. Katika Kijerumani, ambacho huanza kila nomino kwa herufi kubwa, pendekezo hilo lilikuwa zito. Kwa mwanafunzi wa tenzi za Kiswahili si geni, kwani hati ya Kiarabu zilimoandikwa haina herufi kubwa.

Alfabeti hiyo haikupata kusubuliwa kwa risasi za chapa wakati wake. Mwaka 1975 Edward Benguiat na Victor Caruso waliiendeleza kwa jina la ITC Bauhaus, wakaiongezea herufi kubwa. Baadaye Bauhaus 93, iliyo nene zaidi, ilisambazwa pamoja na programu za Microsoft Office, ikafika katika kompyuta nyingi za ofisi.

Uzuri wa herufi za namna hii umo katika kufanana kwa maumbo yake. Na udhaifu wake umo humohumo. Herufi "a" ikichorwa kwa duara moja, kinachoitofautisha na "o" ni kijiti kidogo cha upande wa kulia. Kadiri mstari unavyonenepa, nafasi nyeupe hupungua na kijiti hicho humezwa na duara.

Katika Kiswahili jambo hili si dogo, kwa sababu irabu ya mwisho hubeba sarufi. "Soma" ni kitenzi, "somo" ni nomino. Vivyo hivyo "lenga" na "lengo", "tenda" na "tendo". "Hapa" na "hapo" hutofautisha mahali pa karibu na palipokwisha kutajwa. Ndani ya sentensi upatanisho wa kisarufi humwokoa msomaji: katika "somo la kwanza", kiunganishi "la" huthibitisha nomino. Lakini neno lililosimama peke yake juu ya jalada halina upatanisho wa kulitegemeza. Hivyo basi, herufi hizi hutumika zaidi pale hasa ambapo msaada wa sarufi ni mdogo.

Haifuati kwamba zikataliwe. Kinachopasa ni kuzijaribu kwa jozi za maneno ya Kiswahili yenyewe, kwa ukubwa uleule utakaochapwa na kwa umbali utakaosomewa. Herufi itakayotenganisha "lenga" na "lengo" bila msaada wa sentensi itakuwa imestahili kubeba jina la kitabu cha Kiswahili.