Vitabu, Katuni na Nyimbo Zilizotutia Nguvu

Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi, Kariakoo, Dar es Salaam

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wa kikundi,
Mama zetu waasisi,
Waalikwa, majirani na wanachama wenzetu,

  

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo, na tunawaombea wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Mweka hazina ameshasoma taarifa ya hisa, mikopo na faida, kwa hiyo sisi hatutairudia. Kamati ya sherehe ilitupa kazi nyingine. Tumeambiwa tueleze ni vitabu gani, katuni gani na nyimbo gani zilizotutia nguvu katika miaka hii kumi.

Jambo hili lilipotangazwa wapo walioguna. Walisema, jamani, vitabu na kuweka na kukopa wapi na wapi? Tunaomba mtuvumilie. Sisi tunaamini kwamba sanduku letu lenye makufuli matatu lisingekuwepo leo kama tungekuwa tunahesabu fedha tu halafu kila mtu anashika njia yake.

Kwa faida ya wageni, tueleze utaratibu wetu. Kila Jumatano jioni, baada ya kununua hisa na kupokea marejesho, katibu hujaza vitabu vya wanachama. Kazi hiyo huchukua nusu saa na zaidi. Mwanzoni nusu saa hiyo ilikuwa ya umbeya. Nani kaolewa, nani kaachwa, nani kaonekana Mtaa wa Kongo na nani. Ndipo mwenzetu mmoja, mwalimu mstaafu, akatoa kitabu mkobani na kuanza kusoma kwa sauti. Wiki iliyofuata tukamuuliza, mwalimu, hadithi iliishia wapi? Tangu hapo kusoma ikawa zamu, kama zamu ya kushika ufunguo. Asiyejua kusoma husimulia au huimba.

Kitabu cha kwanza kilikuwa maisha ya Siti binti Saad, yaliyoandikwa na Shaaban Robert. Wengi wetu jina la Siti tulilisikia kwa bibi zetu, lakini habari zake hatukuzijua. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi. Alikuwa akibeba vyungu kwenda kuuza mjini. Shule hakusoma. Huyo huyo ndiye aliyesafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri, akasikika pwani yote, hadi alipofariki mwaka 1950. Hebu fikirini, mchuuzi wa vyungu! Mama ntilie wetu mmoja alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kumbe na yeye alianza na mzigo kichwani kama mimi." Neno hilo lilitosha. Tangu siku ile hakuna tena anayejitambulisha hapa kwa kusema, mimi nauza chapati tu. Hilo "tu" tumelifuta.

Katika habari za Siti tulijifunza pia wimbo wake unaojulikana kwa jina la Kijiti. Unahusu mauaji ya mwanamke mgeni huko Unguja. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara, na waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio walioishia kuadhibiwa. Kesi ikapita, hakimu akapita, lakini wimbo ulibaki na ushahidi. Kwa sababu hiyo katibu wetu anapoandika kumbukumbu za kikao haruki jambo. Akiulizwa kwa nini anaandika mpaka majina ya waliopinga, hujibu kwamba maneno yasiyowekwa mahali huibiwa kama fedha isiyowekwa mahali.

Kitabu cha pili ni tamthilia ya Hawala ya Fedha ya Amandina Lihamba, iliyotoka mwaka 1980, naye aliitoa katika hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegali. Kisa ni cha mzee wa Dakar aliyetumiwa hawala na mpwa wake aliyeko Paris. Kabla hajaipokea fedha yenyewe, habari zimeshaenea. Dukani wamekopa, majirani wamekuja kuomba, ndugu wamejaa. Naye kila akienda posta anaambiwa alete kitambulisho, na kitambulisho hana. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, maana kila mmoja alijiona. Nani hapa Kariakoo hajawahi kula fedha ambayo haijaingia mkononi? Ndiyo hii mikopo ya siku hizi inayoitwa kausha damu, inayochukuliwa asubuhi na kudaiwa jioni. Kutokana na kitabu kile tuliweka kanuni: anayeomba mkopo hapa aonyeshe biashara iliyopo, ahadi ya mtu haipokelewi.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tufike katika kitabu chenyewe. Nacho ni Nguzo Mama cha Penina Muhando, kilichochapishwa mwaka 1982. Ni tamthilia kuhusu wanawake wa kijiji cha Patata wanaotaka kusimamisha nguzo ya maendeleo yao. Kila wakijaribu haisimami. Mara ni wivu, mara ulevi, mara waume, mara ugomvi wa mali ya marehemu. Mchezo unakwisha, nguzo haijasimama.

Tulikisoma mwaka 2021, na mwaka huo tunaujua sote. Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Jengo lile lilifunguliwa mwaka 1975, kwa mchoro wa msanifu wa Kitanzania, Beda Amuli, na kwa wengi wetu lilikuwa ndiyo shamba letu. Mwenzetu mmoja alikuwa akiuza humo mbegu za mboga na pembejeo. Hakuokoa hata ndoo. Wiki tatu kabla ya moto alikuwa amechukua mkopo mkubwa kwetu, akajaza mzigo.

Katiba yetu ilisema wazi kwamba mkopo ukichelewa miezi mitatu, zinakatwa hisa za wadhamini, yaani wale wanne walio naye katika kundi la watu watano. Wadhamini nao walikuwa wachuuzi wenye watoto shuleni. Upande mmoja walisema katiba ni katiba, leo tukimwachia huyu kesho tutamkamata nani? Upande wa pili walisema moto haukuomba ruhusa kwa mtu. Kikao kikachafuka. Kesho yake mtu alifungulia taarab ya vijembe kwa sauti ya juu mlangoni kwa mwenzake. Mwingine akajibu kwa kanga. Mwenyekiti alisimamisha mjadala kwa wiki moja, na wapo waliokwisha kuuliza siku ya kugawana sanduku.

Jumatano iliyofuata zamu ya kusoma ilikuwa ya mwalimu. Hakutoa hotuba. Aligawa sehemu za Nguzo Mama, huyu asome huyu, yule asome yule. Tukaigiza tukiwa tumekaa kwenye mikeka, sauti zikitetemeka. Tulipomaliza, bibi yetu mmoja, muasisi, akauliza: "Wale wa Patata mikono wanayo na nguzo wanayo. Sasa wanakosa nini?" Hakuna aliyejibu haraka. Akauliza tena: "Na sisi nguzo yetu ni sanduku, au ni hawa tuliokaa hapa?"

Usiku ule tuliamua. Riba ya mwenzetu ilisimamishwa kwa miezi sita. Hisa za wadhamini hazikuguswa. Mfuko wa jamii ulitoa ada ya mtoto wake. Akaanza upya na meza ndogo ya mchicha na mbegu za rejareja, akamaliza deni lote mwezi Machi 2023. Leo yupo hapa, ndiye aliyepamba ukumbi huu.

Lakini ukweli usemwe wote. Wenzetu wawili hawakukubali. Walichukua hisa zao wakaondoka kwa amani. Hoja yao ilikuwa na uzito, maana kanuni ikipindishwa kwa mmoja hugeuka upendeleo. Hoja hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike katika katiba kifungu cha majanga, yaani moto, mafuriko, ugonjwa na msiba, ili huruma iwe ya wote na isiwe ya anayependwa. Mmoja wa wale wawili alikuwa msomaji wetu bora kuliko wote. Mpaka leo hatujapata wa kusoma kama yeye. Tumempelekea kadi ya mwaliko, na tunafurahi kumwona kaketi pale nyuma.

Ndugu zangu, tusije tukawachosha na vitabu vizito. Katuni nazo zina kazi yake. Wazee wetu wanamkumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Asubuhi mtu alianza na Chakubanga, habari za siasa baadaye. Halafu likaja gazeti la Sani, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, ambalo jina lake limetokana na majina yao. Nani aliyekulia mjini hapa asiyewajua kina Kipepe, Madenge, Lodi Lofa na Ndumilakuwili? Kikundini kwetu neno ndumilakuwili limekuwa kama kifungu cha katiba. Mtu akikubali kikaoni na akipinga huko uani, huambiwa kwa utani tu, shoga, Sani imetoka leo. Anacheka, anajirekebisha, na faini hapigwi. Utani umeokoa urafiki mwingi hapa.

Zaidi ya kuchekesha, katuni zilisomesha. Mmoja wa mama zetu alijiunga akiweka dole gumba. Alikuwa akiuza karanga, na karatasi za kufungia alinunua kwa kilo, magazeti ya zamani. Siku moja akakuta kurasa za Sani. Kwa kuwa picha ilimwonyesha kinachotendeka, alianza kukisia maneno yaliyoandikwa juu ya vichwa vya wachorwa, na mjukuu akamsahihisha. Mama zake yeye walipitia kisomo cha watu wazima baada ya mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, lakini yeye kisomo kilimpita. Katuni zikamfundisha herufi. Leo anatia saini, na anajumlisha hisa zake mwenyewe kabla katibu hajamaliza. Ole wako ukosee!

Upande wa nyimbo tunaanza na Bibi Titi Mohamed. Vijana wanaijua barabara yenye jina lake, pengine hawajui kwamba kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa ngoma, katika kundi la Bomba, hapa hapa Dar es Salaam. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, wanawake waliingia kwa wingi kupitia vikundi vyao vya ngoma. Bibi Titi alijua viongozi wao, na wao walikuwa tayari na utaratibu wa kukusanyika, kuchangiana harusi na kuzikana. Alifariki mwaka 2000. Tunaposikia watu wakisema vikundi vya akina mama ni mambo ya kisasa yaliyoletwa na wafadhili, tunacheka. Hivi ni vya bibi zetu, sisi tumeongeza makufuli tu.

Halafu kuna muziki wa dansi. Hapa tumegawanyika na hatutapatana: wapo wa Msondo na wapo wa Sikinde. Waume zetu walituacha nyumbani wakaenda DDC Kariakoo, lakini redio ilituletea nyimbo zile zile jikoni. Marijani Rajabu, mtoto wa mjini hapa, yeye tumekubaliana sote. Wanamuziki hawa waliimba habari za ndoa, deni, ulevi na mtoto aliyepotea mjini. Jambo ambalo mke hakuweza kulisema mezani, redio ililisema, na mume akasikia.

Na taarab? Miaka ya 1990 TOT na Muungano walipokuwa wakishindana kwa mipasho, mji mzima ulichagua upande. Sisi taarab tunaipenda na leo jioni mtatuona. Lakini baada ya yale ya 2021 tuliweka kanuni: vijembe ni vya ukumbini, vikifika mlangoni kwa mtu ni silaha. Mwenye neno na mwenzake alilete kikaoni na jina lake.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza, tuna kabati dogo la vitabu ambalo mwalimu alilianzisha. Vitabu vya zamani vya Kiswahili vimekuwa adimu, Nguzo Mama yenyewe tunasoma kwa kupokezana nakala moja iliyochakaa. Ukiona vinatupwa maofisini, utukumbuke. La pili ni kwa wanachama. Leteni watoto wenu wa kike Jumatano. Simu wanazo, nyimbo wanazo, lakini kusoma kwa sauti mbele ya watu na kubishana bila kutukanana hakupatikani kwenye simu.

Na wale wanaouza karanga na maandazi, tafadhali, angalieni karatasi kabla ya kufungia.

 Mungu akibariki kikundi chetu. Akina mama oyee!