Pori tuliloliacha, pori tulilolikuta
Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama, Fizi

 

Leo hatuanzi na michango. Tunaanza na pori, juu ndilo limeleta maneno kati yetu.

Wengi wetu tulikimbia mwaka wa 1996. Wakati tulirudi kutoka Tanzania, mashamba ya wazazi tuliyakuta yameota miti mirefu. Hatukuwa na mbegu wala feza. Tukashika panga, tukachoma makala, tukauza, na watoto wakasoma. Hata sanduku la chama lilikopesha watu feza ya makala. Hatufichi: sisi komite ndio tulitia sahihi.

Kiisha, msimu uliopita, wanachama wawili walikamatiwa mifuko yao barabarani. Walilipa, hawakupewa hata kikaratasi. Mifuko ilipotea, na deni la chama likabaki juu yao. Ndipo tukajiuliza: sheria inasema nini kweli?

Sheria ya misitu ni namba 011 ya tarehe 29 Agosti 2002. Inagawa misitu mafungu matatu: ile iliyotengwa kwa ulinzi mkali, ile ya makampuni ya mbao, na ile ingine yote, ambamo vijiji vingi viko. Katika hiyo ya tatu tuko na haki ya kufuata desturi: kuni, dawa, miti ya kujenga. Lakini ni kwa mahitaji ya nyumba. Mwenye kuchoma makala ya biashara anapashwa kuwa na ruhusa. Na mwenye kufyeka hekta 2 ao zaidi, naye anapashwa kuomba ruhusa kwanza.

Basi wale wandugu wetu walikuwa na kosa. Lakini yule aliyepokea feza bila kuandika, naye alikuwa na kosa. Faini ya Leta iko na karatasi. Feza isiyo na karatasi hailindi hata mti moja.

Wengine wanasema: ni shamba la baba, nani atanikataza? Wandugu, sheria ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni wa Leta. Desturi inatupa haki ya kutumia, lakini haki isiyoandikwa ni nyepesi, zaidi kwetu tuliokaa mbali miaka mingi. Aliyebaki huku anasema pori ni lake. Aliyerudi anasema ni lake. Wakati tunabishana, mwenye mashini ya kupasua mbao anakuja na kuchukua.

Iko njia ingine. Ile sheria ya 2002, pamoja na amri ya tarehe 2 Agosti 2014, inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa desturi, mpaka hekta 50,000. Jamii inaupata bure, tena bila mwisho wa miaka. Gavana ndiye anatia sahihi. Lakini haombi mtu moja. Inapashwa koo zote ziandikwe, mipaka ipimwe pamoja na majirani, na kazi za kila sehemu zipangwe: hapa tunalima, hapa tunakata, hapa hatugusi.

Tusiseme haiwezekani. Rezerve ya Itombwe iliundwa mwaka wa 2006 bila kuuliza wenyeji. Wenyeji walikataa, wakaongea miaka kumi, na mwaka wa 2016 mipaka ikapangwa upya. Karatasi ilibadilishwa juu watu walisimama pamoja.

Komite inaleta maneno matatu, mtayakubali ao mtayakataa kwa mikono:

1. Sanduku halitakopesha tena feza ya makala ya pori. Litakopesha kwa mbegu, kwa ufugaji, na kwa miti ya kupanda.
2. Wale wandugu wawili wapewe mwaka moja kulipa, bila faida. Kosa lao lilikuwa letu pia.
3. Watu wane, wawili waliorudi na wawili waliobaki, waende kwa chefu kuanza kuandika koo na mipaka.

Kule kambini tuliona wenyewe. Mwanzo kuni zilikuwa nyuma ya nyumba. Kiisha mama alitoka asubuhi, akarudi mchana na kafungu kadogo. Hatukurudi nyumbani ili kuishi vile tena.

Sasa mikono.