Siri ya Maneno na Siri ya Msemaji

Iko kauli iliyokwisha kuwa mafundisho ya msingi katika semina za waandishi wa habari, mawakili na watetezi wa haki: tafuta programu yenye usimbaji fiche wa mwanzo hadi mwisho, hamia huko, na hutajulikana. Kauli hii huheshimiwa hata na wahandisi, na ndiyo sababu nitatumia sehemu kubwa ya mhadhara huu kuipinga. Historia ya hisabati yenyewe, tangu PGP ya Phil Zimmermann ya mwaka 1991 hadi itifaki ya Signal ambayo WhatsApp ilikamilisha kuwawekea watumiaji wake mwaka 2016, naiacha. Wenzangu mnaijua, nami sina ugomvi nayo. Ninachohoji ni kazi inayobebeshwa. Usimbaji huficha yaliyosemwa. Nani kamwandikia nani, saa ngapi, mara ngapi na kutoka wapi, hayo hubaki nje, kama jina na muhuri wa posta juu ya bahasha iliyofungwa vizuri. Hata PGP, kwa jinsi ilivyozoeleka katika barua pepe, huacha wazi mwandikaji, mwandikiwa na kichwa cha barua. Na anayemtafuta mtoa taarifa hana haja kubwa ya maneno, kwa kuwa mara nyingi maneno anayo tayari, yamechapishwa gazetini. Anachokosa ni jina.

Ushahidi ulio wazi ulitoka Uswisi mwaka 2021. Kampuni ya Proton, inayosifika kwa barua pepe zilizosimbwa, iliamriwa na mamlaka za nchi hiyo, kufuatia ombi la Ufaransa lililopitia Europol, irekodi anwani ya IP ya akaunti iliyohusishwa na wanaharakati wa tabianchi mjini Paris. Ikatii, maana sheria haikuiachia njia nyingine. Barua hazikusomwa, usimbaji ulifanya kazi yake yote, na bado taarifa ya kumfuatilia mtu ikatoka. Wapo waliolia kwamba wamesalitiwa. Naona lawama hiyo imebisha mlango usio wake. Kila kampuni iko chini ya mahakama fulani na siku moja itaamriwa. La kuuliza ni itakuwa na nini cha kutoa. Signal ilipodaiwa taarifa za mtumiaji na waendesha mashtaka wa Virginia, Marekani, mwaka 2016, ilichoweza kutoa ni siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipoungana na seva kwa mara ya mwisho. Zaidi ya hapo haikuwa imehifadhi kitu.

Jambo hili lilikwisha kusemwa mwaka 1981, katika makala fupi ya David Chaum kwenye jarida la Communications of the ACM, makala ambayo ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta aisome kabla ya kuandika programu yake ya kwanza. Chaum alitenga swali la kuficha ujumbe na swali la kuficha wanaoandikiana, kisha akapendekeza kompyuta ya kati inayochanganya barua. Inapokea barua nyingi zilizosimbwa, zote za ukubwa mmoja, inavua tabaka moja la usimbaji, inatupa zilizojirudia, kisha inazitoa kwa mafungu yaliyopangwa upya, ili mtazamaji asiweze kuoanisha iliyoingia na iliyotoka. Kompyuta hizo zikiwekwa kwa mfuatano, moja tu ikiwa aminifu inatosha. Uzuri wa makala uko pale anapogundua kwamba hata idadi ya barua huongea: basi kila mshiriki atume idadi ileile katika kila fungu, nyingine zikiwa barua tupu. Maana yake ni nzito. Mtu hawezi kujificha peke yake. Anafichwa na wengi wanaofanya jambo lilelile kwa wakati uleule. Mtandao wa Tor, unaopitisha mawasiliano kwenye kompyuta kadhaa ili kuficha yanakotoka, ulirithi tabaka zile lakini haucheleweshi ujumbe kwa mafungu, kwa hiyo anayetazama ncha zote mbili anaweza kulinganisha nyakati. Ndiyo bei ya kasi.

Desemba 2013 vyuo vikuu vilipata somo hilo kwa uchungu. Mwanafunzi wa Harvard alituma vitisho vya mabomu kwa barua pepe ya muda, kupitia Tor, ili mtihani uahirishwe. Wapelelezi hawakuvunja Tor. Waliangalia kumbukumbu za mtandao wa chuo kuona nani alikuwa ameitumia Tor muda mfupi kabla ya vitisho, wakamhoji, akakiri. Chombo kilikuwa madhubuti, umati ndio uliokosekana. Kisa hiki kinawajibu pia wanaodai kwamba vyombo hivi vitawafanya wahalifu wasikamatike: polisi wanaouliza maswali yao ya kawaida bado wanafanikiwa. Lakini kinaniimarisha katika imani ambayo hoja zote za tahadhari hazijaiondoa, kwamba zana za kutojulikana zinapaswa kutumiwa na watu wa kawaida kwa mambo ya kawaida: mgonjwa anayeuliza kuhusu maradhi yake, mfanyakazi anayetafuta kazi nyingine. Zikiachiwa wenye hatari peke yao, kuzitumia tu kutatosha kuwatia mashakani.

Nitaambiwa kwamba haya ni ya Ulaya na Marekani. Hapana, kwetu yamekaza zaidi. Tangu mwaka 2020 laini za simu Tanzania ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zimekuwa zikizimwa. WhatsApp hudai namba ya simu, na Signal pia, ingawa tangu 2024 humruhusu mtumiaji kuificha kwa anaowasiliana nao. Namba ikipatikana kwenye simu iliyokamatwa, toka hapo hadi kwenye kidole cha mwenyewe ni hatua moja. Programu ya ujumbe ya Briar haihitaji namba na hupitisha ujumbe kwenye Tor, japo wawili wanaowasiliana kwa kawaida sharti wawe hewani pamoja. Sanduku la barua pepe lililofunguliwa kupitia Tor bila namba, na lisilotumiwa kwa jambo lingine lolote, nalo linafaa. Ni vyombo visivyo na raha, nakubali. Lakini mwaka 2016 Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alifikishwa mahakamani Dar es Salaam chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, katika mvutano kuhusu taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka, na si kila mwenye seva atasimama kizimbani kwa ajili ya mgeni. Kwa hiyo chumba cha habari kinachowaalika watoa taarifa kwa kutangaza namba ya WhatsApp peke yake kimewachagulia chombo kabla hawajafungua kinywa. Wahariri waliomo ukumbini wanaweza kuongeza njia ya pili, isiyodai namba, katika toleo lijalo.