KIJANA WA SIMU NA MZEE WA KALAMU

(Mazungumzo yaliyotolewa baada ya swala ya alasiri, mbele ya vijana wa chama na wazee wa mtaa)



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wenzangu mliojibana huko nyuma karibu na feni, nimepewa dakika 15 nami nina tumbo tupu kama nyinyi, kwa hivyo sitazunguka.

Mada niliyopewa ni Kijana wa Kiislamu na Kazi. Najua wengine mnangoja niwaambie vijana waache uvivu, na wengine mnangoja niwaseme wazee kwamba wamekalia viti hawatoki. Mimi nina jambo moja. Kule kazini tunadhaniana vibaya kwa sababu ya umri, tunaifanya dhana hiyo mzaha, hali ni dhambi.

Surat Al-Hujuraat, aya ya 11 na ya 12, wengi wetu tulizihifadhi madrasa tukiwa na meno ya utoto. Humo tunakatazwa kudharauliana, kuitana majina ya kejeli, kushika dhana, kupelelezana na kusengenyana. Sasa hebu ingia ofisi yoyote hapa Kenya. Uchaguzi wa mwaka 2013 ulituletea maneno dijitali na analogi, na tangu hapo mzee akichelewa kufungua barua kwenye kompyuta, basi ni analogi. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya Juni ya kupinga Mswada wa Fedha, neno Gen Z nalo likatoka magazetini likaingia maofisini. Kijana akiuliza swali, Gen Z huyo. Akinyamaza, Gen Z huyo, ana kiburi. Hizi si lakabu? Na tunaziita tukiwa tumefunga!

Nitoe mfano, na mfano wenyewe ni mimi.

Chuo kilinipeleka kufanya mazoezi ya kazi miezi 3, ile tunayoita atachimenti, katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Jina la ofisi tuliache. Nikawekwa chini ya karani mmoja mzee, mtu wa swafu ya mbele, aliyeanza kazi hiyo enzi za taipureta. Siku ya kwanza nimemtolea salamu, akaitikia vizuri, kisha akaiangalia simu mkononi mwangu akasema, "Nyinyi watoto wa simu, kazi hamtaki." Basi. Mwezi mzima nikawa mtu wa kutoa kopi na kupeleka karatasi. Nauli ya matatu kutoka Likoni najilipia mwenyewe, malipo hakuna, na nikitoa simu nipige hesabu ya ushuru, mzee anadhani nacheza.

Mimi nami nikalipiza, kwa ulimi. Mzee huandika kwa kidole kimoja, tena kila kitu anakinakili kwenye daftari kubwa la jalada jeusi. Ramadhan ilipoingia, baada ya adhuhuri mimi na mwenzangu tulikuwa tukikaa nyuma ya stoo, tunaiga kile kidole chake mpaka tunashika mbavu. Nilimwambia mwenzangu kwamba mzee anaogopa kompyuta ndiyo maana hataki kutuonyesha kazi. Nimefunga, sijanywa hata maji, na ninakula nyama ya ndugu yangu.

Siku moja, kwa kuwa wenzangu walikuwa wengi nje, nikaambiwa nijaze nambari za kontena. Nambari ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7. Nikajaza upesi, nikaona nimewashinda wazee wote. Mzee akachukua karatasi, akavuta penseli, akazidisha na kujumlisha pembeni ya daftari, kisha akaniambia, "Hii si nambari." Nikabisha. Akanionyesha kwamba ile tarakimu ya mwisho haiwekwi ovyo, inatoka kwenye hesabu ya zile za mbele: kila herufi ina thamani yake, unazidisha kwa 1, 2, 4, 8 ukiendelea hivyo, jumla unaigawa kwa 11, na kinachobaki ndicho tarakimu ya mwisho, kikibaki 10, yaandikwa 0. Yangu ilikataa. Nilikuwa nimepindua tarakimu mbili. Karatasi ingekwenda hivyo, mzigo ungekwama, na siku za bure zikipita bandari hutoza storeji kila siku, na mwenye mzigo hana habari kwamba kosa ni la mtoto wa chuo.

Wallahi niliona haya. Hesabu ya namna ile niliisoma darasani, nikapasi mtihani, na sikujua inatumika umbali wa kuvuka feri kutoka kwetu. Halafu nikaja kuambiwa na mama wa mapokezi kwamba mwaka 2005 forodha ilipoleta mfumo wake wa kompyuta ulioitwa Simba, yule mzee ndiye aliyewafundisha wenzake pale ofisini. Mwenye kuogopa kompyuta ni nani sasa? Na daftari lile jeusi alilianza kwa sababu mtandao ulikuwa ukianguka katikati ya kazi, na wateja wako mlangoni.

Msidhani tangu hapo tukawa marafiki. Hakunisifu, na simu yangu aliendelea kuitazama kwa jicho baya. Ila nilipomwandikia ile hesabu kwenye kompyuta ikawa inajipiga yenyewe, aliijaribu kwa nambari kama 20 hivi, kila moja akiithibitisha kwa penseli, kisha akauliza, "Umeifanyaje?" Nikavuta kiti. Mwezi wa tatu nilifunzwa kazi.

Wahadhiri wanapenda kutuambia sisi vijana kuhusu Usama bin Zayd (R.A.), kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa uongozi wa jeshi akiwa na miaka kama 18 hivi. Vijana tunavimba vichwa, hadithi inaishia hapo. Mimi naomba tuendelee mbele kidogo. Wapo waliosema huyu ni mdogo, na Mtume (S.A.W.) hakuyaridhia maneno yao. Kisha Mtume akafariki, na Abubakar (R.A.) akiwa khalifa alilisindikiza jeshi lile kwa miguu, Usama yuko juu ya mnyama. Usama aliona haya, akataka ashuke au khalifa apande, Abubakar akakataa yote mawili. Na alipotaka Umar (R.A.) abaki naye Madina, alimwomba Usama ruhusa. Khalifa mzima, anamwomba kijana ruhusa! Angeweza kuamrisha. Lakini yule kijana alikuwa na cheo chake, na cheo kiliheshimiwa. Na kijana naye alikuwa tayari kushuka. Nani kati yetu hapa yuko tayari kushuka?

Wazee wangu, mniwie radhi, nanyi nina neno. Mwaka 2009 serikali ilipandisha umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, na vijana waliokuwa wakingoja nafasi wakangoja zaidi. Tangazo la kazi linataka uzoefu wa miaka 5, na uzoefu tunaambiwa tuupate kwa kutoa kopi bila hata nauli. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, hakusema jasho la kijana ni maji. Kijana wa namna hiyo akikata tamaa akaacha, mnasema hawa hawataki kazi. Mlimwonyesha kazi gani?

Nimalizie na deni langu. Yule mzee hajui nilivyomfanya nyuma ya stoo. Niliwauliza masheikh wawili: mmoja akaniambia niende nimwombe msamaha waziwazi, mwingine akasema nimwombee dua na nimsifu pale pale nilipomsema, nisije nikamuumiza upya. Wanavyuoni wamekhitilafiana katika hilo. Leo nimemsifu, lakini moyo haujatulia, na inshaAllah kabla ya Idi nitavuka feri niende kwake.

Naona muadhini ameanza kuitazama saa yake. Tende ziko mlangoni, mabarobaro wawili wainuke wawapelekee wazee kwanza.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.